Namba ya Geti la Majitaka

Jumatatu, 3 Machi
Mvua: manyunyu. Harufu: hakuna.

Mwanangu wa kike ameniletea daftari hili kutoka kazini. Ni daftari la zamu, lenye gamba gumu, kurasa zimepigwa namba moja hadi mia mbili, na kila ukurasa umechapwa nafasi zake: Mvua, Harufu, Jambo lililotokea, na chini kabisa Amekabidhi na Amepokea. Wameletewa madaftari mapya, haya ya zamani yangetupwa. Akaniambia, "Mama, kutwa nzima unaongea na cherehani. Cherehani haijibu. Andika."

Akanipa masharti ya kazini kwao. Hakuna kufuta: ukikosea unapiga mstari mmoja, neno libaki linasomeka. Hakuna kung'oa ukurasa. Na zamu haikabidhiwi mpaka ubaya wake uwe umeandikwa.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu mkuu aliuonyesha darasa zima. Ubaya sina wa kuandika leo. Nimeshona sketi tisa za shule na hakuna pindo lililopinda.

Jumanne, 4 Machi
Mvua: hakuna. Harufu: hakuna. Sketi kumi na moja.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua: ya jioni. Harufu: hakuna.

Mtaani wananiita Mama Injinia. Sikuwaomba waniite hivyo, niliwazoesha tu. Baba yake alifariki mtoto yuko darasa la nne, na kuanzia hapo nimemsomesha kwa sindano. Sasa ni msimamizi wa zamu, ana kofia ngumu ya njano na watu watatu chini yake. Kwa nini nisiseme?

Wakiuliza ni injinia wa nini, najibu wa maji. Sijadanganya. Ni maji. Kwamba yametoka chooni kwa nani, hilo si swali la kuulizana barabarani.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua: kubwa mchana. Harufu: ndogo, lakini mimi mwenyewe nilikuwa mtamboni.

Alisahau chakula chake nikampelekea. Alinifuata njia panda na mwavuli. Tulipofika getini hapakuwa na mtu, bawabu alikuwa upande wa nyuma ambako mvua imelaza nguzo mbili za uzio. Mwanangu akabonyeza vile vitufe vya geti, na mimi nilikuwa chini ya mwavuli uleule, kidevu changu kipo begani kwake. Moja, nne, sifuri, nane.

Tarehe kumi na nne, mwezi wa nane. Siku niliyozaliwa mimi.

"Mama, hukuona kitu," akasema.

"Nimeona nini? Macho yenyewe yana ukungu."

"Si mchezo, mama. Humu kuna mitungi ya klorini. Akiingia mtu asiyejua, au anayejua sana, ni hatari ya mji mzima. Waliponiambia nichague namba nilichagua ambayo siwezi kuisahau. Isikutoke."

Nikamwambia imeshazikwa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natabasamu kama bibi harusi. Mwaka jana nilipotimiza sitini nilidarizi vitambaa vya mkono thelathini na viwili, 14/8 kwa uzi mwekundu, nikawagawia majirani wote ili wasisahau. Kumbe mwanangu alikuwa ameshaidarizi kwenye chuma.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua: kubwa. Harufu: hakuna.

Wabunge wamekuja mtamboni. Ni kamati inayoandaa sheria ya ulinzi wa mitambo ya umma ya majitaka, na wametaka kusikia kwa wanaofanya kazi. Mwanangu amesema mbele yao. Kanisimulia akiwa anavua mabuti: ametaka uzio wa zege, mabawabu wawili kila zamu, kila gari lipimwe kabla ya kumwaga, na kila mfanyakazi awe na namba yake, si namba moja ya wote.

"Kwa hiyo wewe ndiye umeandika sheria," nikamwambia.

"Mama, nimetoa maoni tu."

Kwangu mimi ameandika sheria. Ila kwenye redio ya jioni mtangazaji amesema, kwa sauti ya kusikika nyumba tatu, "msimamizi wa zamu wa mtambo wa majitaka," akamtaja. Majitaka. Nilizima, lakini nyumba nyingine hazikuzima.

Jumamosi, 15 Machi
Mvua: manyunyu. Harufu: hakuna.

Nilikwenda kusuka. Msusi alikuwepo, na Kicheko alikuwepo, yule mke wa dereva wa gari la kunyonya vyoo. Jina la Kicheko amelipata kwa haki. Sijakaa vizuri akaanza.

"Kumbe Mama Injinia, maji yenyewe ndiyo haya yetu? Basi mwanao ananijua kuliko daktari wangu."

Msusi akacheka mpaka kitana kikamponyoka.

"Na mimi nilikuwa nasema, mbona bomba langu limekauka na injinia wa maji anakaa jirani," Kicheko akaongeza. "Kumbe yeye ni wa upande ule mwingine."

Yalinichoma. Nikasema, naandika kama nilivyosema: "Chekeni. Lakini nani kati yenu ana mtoto aliyemfanya kuwa ufunguo wa mali ya serikali? Geti lile halifunguki mpaka ibonyezwe siku niliyozaliwa mimi."

Msusi akaokota kitana.

"Ile ya kwenye vitambaa?" Kicheko akauliza.

"Ileile."

Msusi akasema huyo ndiye mtoto. Nilirudi nyumbani mgongo umenyooka. Suko lenyewe limebana, lakini limekaa vizuri.

Jumatano, 19 Machi
Mvua: kubwa. Harufu: hakuna. Suruali za wavulana, ishirini.

Ijumaa, 28 Machi
Mvua: kubwa, siku ya tatu mfululizo. Harufu: hakuna.

Mwanangu amerudi amechoka. Amemrudisha mume wa Kicheko, yule tunayemwita Chapchap kwa sababu hajui kusubiri. Gari lilikuwa limejaa shehena ya shimo la gereji, oili chafu tupu. Akalipima, akalikataa. Chapchap akamwambia, "Dada, hata kinyesi nacho unakipima ubora?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba kwenye mabwawa kuna vijidudu vinavyokula uchafu, ndivyo vinavyofanya kazi, yeye ni mnyapara wao tu. Oili inaviziba pumzi. Vikifa, maji yanatoka machafu yanaingia mtoni, na kule chini watu wanafua na kumwagilia mboga.

"Akamwage wapi basi?" nikamwuliza.

"Kuna mahali pa oili. Ni mbali, na kuna foleni."

Jumapili, 30 Machi
Mvua: kubwa tangu alfajiri. Harufu: jioni, kidogo.

Jumatatu, 31 Machi
Mvua: kubwa. Harufu: ipo.

Walimwita kabla hajanywa chai. Mtu ameingia mtamboni jana mchana, amefungua geti, amemwaga gari zima la oili kwenye mlango wa maji, amefunga geti akaondoka. Bawabu alikuwa upande wa nyuma anainua nguzo zilizolala, na kwa mvua ile hakusikia injini. Bwawa la kwanza limekuwa jeusi. Mashine za kupuliza hewa zinapuliza povu la oili.

Haya ameniambia saa kumi jioni akiwa amesimama mlangoni, hataki kuingia na mabuti. Nikamwuliza kufuli limevunjwa na nini.

"Halikuvunjwa. Walibonyeza namba."

Nilikuwa na sindano mdomoni. Niliitoa taratibu, nikaichomeka kwenye kitambaa, nikasema, "Pole mwanangu." Hilo tu. Nikaenda kupasha chakula ambacho kilikuwa bado cha moto.

Labda bawabu alimwambia mtu. Wale mabawabu wanaongea sana.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua: kubwa. Harufu: kali.

Harufu imeingia mpaka kabatini, sketi za shule zinanuka. Wateja wawili wamezikataa. Kule chini wamekatazwa kugusa mto, na mboga zilizomwagiliwa haziuziki.

Kwa msusi wote wamefunga pua kwa vitambaa, viwili kati ya hivyo ni vyangu, 14/8. Kicheko hakuwepo. Waliponiuliza, nikasema ni bawabu, kazi hajui, na kwamba mwanangu amelalamika siku nyingi. Hajawahi kulalamika. Alisema mabawabu wawe wawili.

Napiga mstari mmoja juu ya maneno niliyoandika juzi, "wale mabawabu wanaongea sana." Yanasomeka bado. Anayeongea sana najua ni nani.

Ijumaa, 4 Aprili
Mvua: imepungua. Harufu: kali.

Amesimamishwa kazi. Meneja amesema geti halikuvunjwa, kwa hiyo namba ilitoka ndani, na namba aliichagua yeye na kuitunza yeye. Bawabu naye amesimamishwa. Wabunge watarudi tarehe kumi na nne kusikiliza wananchi, na meneja anataka kiongezwe kifungu: mfanyakazi ambaye namba yake imetumika kuingilia afukuzwe bila kusikilizwa. Wa kwanza awe yeye.

Ameleta kofia yake ya njano, ameiweka juu ya kabati, amelala mchana. Tangu azaliwe hajawahi kulala mchana.

Jioni bawabu alipita. Mzee wa watu, amevaa viatu vya kazi bado. Alikuja kumpa pole mwanangu. Akanisalimia, "Shikamoo, mama," na tunalingana umri. Nikaitikia nikitazama pindo.

Jumapili, 6 Aprili
Mvua: hakuna. Harufu: kali. Sikutoka.

Jumanne, 8 Aprili
Mvua: ya asubuhi. Harufu: kali.

Nimefua ovaroli yake. Mtu hafui bila kupekua mifuko. Kwenye mfuko wa kifua nikakuta kitambaa cha mkono kimekunjwa mraba, safi, lakini oili imekula pembe moja na haikutoka. Nikakikunjua. 14/8.

Uzi wa kijani.

Naandika kwa sababu hakuna mwingine ajuaye. Uzi mwekundu uliniishia kwenye kitambaa cha thelathini na moja. Cha mwisho nilikimalizia kwa kijani, nikampa Kicheko, akasema kijani ndiyo rangi yake. Mumewe alikitundika kwenye kioo cha gari.

Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui tangu lini.

"Nilikiokota chini ya vitufe asubuhi ile," akasema. "Nadhani alifutia maji ya mvua ili aone namba."

"Kwa nini hukumpa meneja?"

"Kingemfikisha kwa nani, mama?"

Nikakikunja tena mraba.

"Viko thelathini na viwili mtaani," akaendelea. "Sijui hiki ni cha nani. Lakini aliyevigawa ninamjua. Nilidhani ungeniambia mwenyewe. Siku tisa nimekaa nasubiri."

Hakupaza sauti. Angenipigia kelele ningejua la kufanya, ningelia au ningemjibu. Nilisema, "Nina nguo za watu za kumaliza," nikaondoka. Naandika hapa: mtoto wangu amebeba kosa langu kwenye mfuko wa kifua, akalifua kwanza, na mimi nikaenda kutia vifungo.

Alhamisi, 10 Aprili
Mvua: kubwa. Harufu: kali.

Nimefungua ukurasa wa sita, ule wa kwa msusi. Nimeushika kwa pembe. Nilijiambia daftari ni langu, si la serikali. Ungetoka bila kelele, karatasi yenyewe imelainika kwa unyevu. Lakini kungekuwa na wa tano, halafu wa saba, na mtu yeyote aliyesoma mpaka darasa la kwanza angejua kilichokosekana.

Nimeuacha. Nimeusoma mara nne. Yule mwanamke aliyeandika pale, amefurahi hivyo, natamani nimzibe mdomo kwa kitambaa.

Na hiki ndicho kinachoniuma zaidi. Nilisema vile kwa kuwa walicheka majitaka. Niliona aibu ya kazi inayosafisha mji mzima. Niliona aibu mahali pasipo na aibu, na aibu yenyewe ilikuwa inanisubiri mbele, imekaa kitako.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua: ilianza tukiwa ndani. Harufu: hata ukumbini.

Nilivaa nguo yangu ya kutimiza sitini, nikaweka daftari na kitambaa kwenye mkoba. Mwanangu nilimwambia nakwenda kununua zipu. Nilipofika ukumbini alikuwa ameshafika, amekaa safu ya mbele na wenzake. Mimi nilikaa nyuma.

Meneja alisema lake vizuri sana, kwa karatasi. Kwamba sheria bila meno ni bure. Kwamba adui wa mtambo ni mfanyakazi mzembe. Alimtaja mwanangu mara tatu. Kila akimtaja nilikuwa naona ile shingo yake kwa nyuma, na kola niliyomshonea mwenyewe, haijageuka.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, akasema sasa ni zamu ya wananchi. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza. Nilishangaa kuuona juu.

"Kazi yako, mama?"

"Fundi cherehani."

"Endelea."

Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, yakapotea yote. Nikafungua daftari nikasoma ukurasa wa sita kama ulivyo. Nilisoma na kicheko cha msusi, na kitana, na suko lililobana. Watu walianza kucheka pale pa "ananijua kuliko daktari wangu," na mimi niliwasubiri wamalize, halafu nikasoma lile nililosema. Hawakucheka tena.

"Mwanangu hakumpa mtu namba," nikasema. "Mimi niliiona chini ya mwavuli, na mimi niliitangaza kwa msusi, kwa sababu ya majivuno. Bawabu hana kosa, na nilimsingizia mbele ya watu. Hilo nalo naomba liandikwe."

Nikatoa kitambaa. Nikaeleza uzi wa kijani, nilimpa nani, kilitundikwa wapi. Meneja akasema kitambaa si ushahidi, kinaweza kuwa cha yeyote.

"Baba," nikamwambia, "wewe unajua sheria, mimi najua uzi. Kijani ni kimoja tu."

Mwanangu alikuwa amegeuka. Sijui uso ule niuandikeje. Hakuwa na hasira, wala hakuwa na furaha. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma kipimo.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, kikao hiki ni cha kukusanya maoni ya sheria. Umekiri, tumesikia, wachunguzi wataendelea. Lakini maoni yako ni nini? Unataka tuandike nini?"

Nilikuwa sina maoni. Nilikwenda na kosa tu. Nikasimama pale mkoba umenishuka begani, mvua inapiga bati, nikasema, "Andikeni alichokisema mwanangu mwezi uliopita. Kila mtu awe na namba yake. Halafu ongezeni: isiwe siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote anayependwa."

Wakaandika. Nimeona kalamu zikienda.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma hatua kama kumi. Mwavuli ulikuwa mmoja na alikuwa nao yeye. Tulipofika njia panda alisimama mpaka nikamfikia, akauinamisha upande wangu.

Jumanne, 15 Aprili
Mvua: manyunyu. Harufu: bado. Nimekwenda kwa bawabu kumwomba radhi. Alinikaribisha kiti, na hilo lilikuwa gumu kuliko kufukuzwa.

Jumamosi, 19 Aprili
Mvua: hakuna. Harufu: inapungua.

Chapchap amechukuliwa. Amekiri, na amesema gereji ndiyo iliyomharakisha. Kicheko amenikuta dukani kwa muuza vifungo, akaniambia mbele ya watu, "Umemwuza mume wangu."

"Ndiyo," nikamjibu. "Na mwanangu nilimwuza kabla yake, bila hata kujua bei."

Leo hakucheka, wala mimi sikuona fahari ya jibu langu.

Ijumaa, 2 Mei
Mvua: ya jioni. Harufu: ndogo.

Barua imetoka. Bawabu amerudi kazini. Mwanangu naye amerudi, ila amepewa onyo la maandishi kwa kuchagua namba ya kubahatishika, na usimamizi wa zamu amenyang'anywa mwaka mmoja. Atafanya kazi chini ya kijana aliyemfundisha mwenyewe. Amesema ni haki. Mimi nilitaka kusema si haki, nikakumbuka mdomo wangu umeshafanya kazi yake mwaka huu.

Alipanda juu ya kiti akateremsha kofia kabatini, akaifuta vumbi kwa kiganja.

Jumatatu, 19 Mei
Mvua: imekatika. Harufu: ya kawaida.

Sheria imepita. Redio imesoma vifungu na safari hii nimeongeza sauti. Ndugu na wageni wataishia kwenye mstari wa njano, hatua hamsini kutoka getini. Kila mfanyakazi ana namba yake, ya tarakimu sita, hubadilishwa kila mwezi. Kile changu cha siku ya kuzaliwa wamekiweka kwa maneno ya kiserikali, lakini kipo, nimekitambua.

Mchana nilipeleka chakula. Nilisimama kwenye mstari wa njano. Bawabu, siku hizi wapo wawili, huyu mpya hanijui, akauliza mimi ni nani na nina shida gani. Zamani ningemjibu mpaka asubuhi. Nikamwambia, "Fundi cherehani. Nimemletea chakula mtu wa majitaka."

Mwanangu alikuja kwa mabuti yake, akapokea, akasema vijidudu vimeanza kurudi, bwawa la kwanza limepata rangi. Nikamwambia hongera. Alipogeuka kwenda kubonyeza, nikampa mgongo. Nikatazama barabara, nikatazama mbuzi, nikasikia milio sita nyuma yangu na geti likifunguka.

"Mama," akaniita. "Uko mbali hatua hamsini. Huwezi kuona."

"Najua," nikasema. Sikugeuka.

Jioni nimemwekea daftari mezani, limefunguliwa hapa, nikamwambia zamu yangu imeisha na ubaya wote nimeuandika, asome kuanzia mwanzo kama wanavyosoma kazini kwao. Amesoma mpaka chai ikapoa. Ukurasa wa sita aliusoma mara mbili. Kisha akachukua kalamu yangu, na chini hapa ni mwandiko wake, si wangu.

Amekabidhi: Mama.
Amepokea: Mwanao wa majitaka. Nimesoma kurasa zote. Hakuna uliokosekana.